Pointi za mwanajeshi kwenye ajira za halmashauri: mmeuliza, tunajibu

Mbukwenyi wasomaji wetu. Toleo lililopita tuliandika kijisehemu kifupi kuhusu Marekani, kwamba mtu aliyetumikia jeshi kule akiomba kazi ya serikali anaongezewa pointi, basi maswali yamemiminika kutoka Ihumwa, Chemba, Mpwapwa mpaka Singida, na karibu yote yanarudi pale pale, mbona hapa kwetu hatuna kitu kama hicho? Nimechukua matano. Majina nimeyatoa, na kuna afande mmoja aliandika mpaka namba yake ya MT, ile ya utumishi jeshini, hiyo nayo nimeifuta, jamani msitume namba hizo kwenye magazeti.

SWALI: Mimi ni sajini mstaafu, naishi Ihumwa, nina miaka 47. Kazi yangu jeshini ilikuwa udereva wa malori. Halmashauri moja ya mkoa huu ilibandika tangazo la madereva nikaenda na hati yangu ya kustaafu, binti wa masijala akaniambia mzee umri umepita. Sasa nyie mnaandika kwamba Marekani mwanajeshi anapewa pointi. Hapa kwetu ipo sheria hiyo? Na kama haipo nifanyeje, maana watoto bado wanasoma.

JIBU: Shikamoo afande. Jibu la moja kwa moja ni kwamba pointi za namna hiyo kwenye matangazo ya halmashauri zetu hazipo. Chukua tangazo lolote la dereva au mtendaji wa kijiji ulisome mpaka chini kule kwenye masharti ya jumla, utakuta wenye ulemavu wanahamasishwa kuomba na waainishe ulemavu wao kwenye mfumo, utakuta umri usiozidi miaka 45, utakuta waliostaafishwa katika utumishi wa umma hawaruhusiwi kuomba isipokuwa wawe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Mwanajeshi mstaafu kutajwa kwamba anaongezewa chochote, hiyo hutaikuta.

Na huyo binti wa masijala hajakuonea. Hizi nafasi ni za kudumu na pensheni, mtumishi anastaafu kwa lazima akiwa na 60, na ili ulipwe pensheni ya mwezi na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unatakiwa uwe umechangia miezi 180 ambayo ni miaka 15, sasa toa 15 kwenye 60 unapata ile 45 ya kwenye tangazo. Hesabu iko sawa, ila haikumfikiria mtu wa aina yako, na hapo ndipo panaponiuma mimi. Mwalimu wa miaka 47 bado ana miaka 13 ya kukaa kazini. Askari wa cheo cha chini anatolewa mapema kwa sababu jeshi linataka miili yenye nguvu, anarudi mtaani bado ana nguvu zake, ana nidhamu ambayo maofisi mengi yanaililia, na mlango wa kwanza anaoubisha hodi unamwambia umezeeka. Wakubwa wao hata hawaombi, wanateuliwa, tumewaona maafisa wastaafu wakipewa ukuu wa mkoa na ukuu wa wilaya. Koplo hana mtu wa kumteua.

Sasa twende hiyo Marekani, maana watu wanaisikia nusu. Sheria yao ya kipaumbele kwa waliotumikia jeshi ilisainiwa na Rais Roosevelt Juni 1944, vita kuu ya pili bado inapiganwa, serikali ikijua mamilioni ya vijana watarudi nyumbani kwa mpigo wakitafuta kazi. Aliyetumikia wakati wa vita anaongezewa pointi 5, aliyepata ulemavu jeshini anaongezewa 10. Lakini zinaongezwa juu ya mtihani ambao ameshaufaulu kwa maksi zake mwenyewe, 70 kwenda juu, akifeli amefeli hakuna pointi ya kumnyanyua. Alafu kuna kipengele ambacho ningependa wakubwa wetu wakisome, kwamba aliyestaafu na cheo cha meja kwenda juu hapati hizo pointi mpaka awe na ulemavu. Yaani wameona huyu ana pensheni nzuri, ana mtandao wa watu, atajisogeza mwenyewe, msaada uende kwa sajini na koplo. Hiyo ni serikali yao kuu, kaunti na miji inafata sheria za jimbo lake, ntaligusa hilo kwenye swali la mama wa Mpwapwa huko chini.

Cha kufanya wewe afande, kwanza achana na nafasi za kudumu za halmashauri usipoteze nauli tena. Hangaikia karatasi zako za udereva ziwe za kiraia. Matangazo ya dereva daraja la pili yanataka cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C ambayo umeifanyia kazi si chini ya mwaka bila ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au NIT, kile Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kampuni binafsi za malori na mabasi nazo zinaangalia hizo hizo, tofauti ni kwamba zenyewe hazina ile 45. Ulivyoendesha jeshini wao hawawezi kukuona kwenye hati ya kustaafu, wanaona leseni na cheti. Kama cheti chako cha shule ni cha darasa la saba ujue serikalini tangu Mei 20, 2004 wanaanzia kidato cha nne, kwaiyo hapo binafsi ndo kwako zaidi.

Pili, halmashauri zinaajiri watu wa mkataba na vibarua kwa mapato yake ya ndani, wakusanyaji ushuru wa mashine za POS, walinzi wa masoko na stendi, na hao hawapiti kwenye ile hesabu ya pensheni. Nafasi hizi nyingi hazitangazwi kwa kelele, tangazo linabandikwa ofisi ya kata siku chache likatolewa, kwaiyo mzoee mtendaji wa kata yako, mwachie namba ya simu. SUMA JKT Guard, kampuni ya ulinzi ya JKT, nao wanachukua walinzi. Na kama ulitoka jeshini na jeraha lililokuachia ulemavu liseme, usilifiche kwa aibu ya kijeshi, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea asilimia 3 wawe wenye ulemavu, na halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, ndani yake 2 ni za wenye ulemavu.

Kuna na uenyekiti wa mtaa. Ukiwa kazini katiba inakukataza kujiunga na chama cha siasa, ukishastaafu uko huru, na mwenyekiti anatokana na chama. Hakuna mshahara ni posho, na uchaguzi ulifanyika Novemba 27, 2024 kwaiyo ni wa kusubiri. Nimeutaja tu kwa sababu wastaafu watatu mmeuulizia.

SWALI: Dada habari, mimi ni kijana wa Chemba, nimemaliza JKT kujitolea miaka miwili, kidato cha nne nina divisheni foo. Watu wa kijijini wanasema wa JKT tunapewa kipaumbele kwenye utendaji wa kijiji. Nimeomba sijaitwa hata kwenye usaili. Wenzangu ambao hawajui hata kwata wameitwa. Tatizo liko wapi?

JIBU: Mdogo wangu pole, na nikwambie ukweli hao waliokwambia wamechanganya vitu viwili. Kipaumbele cha JKT kipo kweli lakini kiko kwenye vyombo vya ulinzi na usalama, Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto, huko mara nyingi wanachukua waliopita JKT. Na hata huko sio ahadi. JKT wenyewe kila wakitangaza kuita vijana wanaandika kabisa kwamba wao hawatoi ajira wala hawahusiki kukutafutia ajira kwenye vyombo vingine, wanakupa uzalendo na stadi za kujitegemea. Ile sentensi iko chini kabisa ya tangazo na vijana wengi wanaiona baada ya miaka miwili.

Utendaji wa kijiji ni kitu kingine. Tangazo linasema awe na kidato cha nne au sita aliyehitimu mafunzo ya astashahada katika utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha, maendeleo ya jamii au sayansi ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Wewe umepeleka cheti cha kidato cha nne na cha JKT. Pale kwenye mfumo hakuna mtu aliyekaa akakuonea, hitaji la astashahada liko tupu basi umechujwa, haijalishi umelala kwenye maturubai usiku mangapi. Na hao wenzako wasiojua kwata wana hiyo astashahada.

Hombolo iko hapa hapa, ni ndani ya Jiji la Dodoma, sio safari. Kama una uwezo wa ada au familia inaweza kuuza alizeti kidogo, nenda ukaulize masharti ya kujiunga na divisheni foo yako, peleka cheti halisi waone masomo uliyofaulu. Wakati huo huo kama kambini ulijifunza kazi ya mikono, ujenzi, useremala, ufundi magari, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kile unachokijua tayari na ukifaulu unapewa cheti, huanzi darasani kama mtu ambae hajawahi kushika mwiko. Wengi mmejenga majengo makubwa mkiwa na kombati alafu mnarudi nyumbani mnaandika kwenye CV "sina ujuzi", inasikitisha sana.

Alafu sikiliza hili, maana ndo sehemu ambayo JKT inakusaidia kweli. Ukishakuwa na astashahada ukaitwa, utafanya mchujo wa kuandika, ukipita unaingia mahojiano ya ana kwa ana. Soma majukumu ya mtendaji wa kijiji yaliyoko kwenye tangazo. La kwanza ni afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. La pili ni kusimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao na kuwa mlinzi wa amani. Huko chini kuna kupokea na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi, na wewe unatoka Chemba unajua mfugaji akiingiza ng'ombe kwenye mtama wa mtu saa kumi jioni inakuwaje kufika magharibi. Hapo wakikuuliza ungefanyaje, kijana aliyefundishwa kupokea amri, kutoa taarifa kwa mpangilio, nani, wapi, saa ngapi, wangapi, na kutulia watu wakipiga kelele, anajibu tofauti na aliyekariri. Usiseme "mimi ni JKT" ukanyamaza, wasaili hawana kisanduku cha kuwekea hiyo. Eleza kitu ulichowahi kusimamia kambini, zamu ya lindo, ghala, kundi la wenzako shambani, na kilichotokea.

Na kabla hujaomba tena angalia majina. NIDA yako, cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yasome sawasawa, kuna vijana JKT wamesajiliwa kwa jina la babu, shuleni jina la baba, NIDA jina la tatu, mfumo unagoma. Nenda kwa wakili mfanye hati ya kiapo ya majina mapema. Result slip hazipokelewi, cheti chenyewe ndo kinatakiwa. Na ukipita usaili ukakosa nafasi usikate simu yako, waliofaulu wanawekwa kwenye kanzidata na watu wanaitwa miezi baadae kwenda halmashauri ambayo hawakuiomba.

Nyongeza kwako na wa rika lako: kada ya mlinzi ndo ambayo inataja wazi mafunzo ya mgambo, polisi, JKT au zimamoto pamoja na kidato cha nne. Hiyo cheti chako kinaingia kilivyo leo.

SWALI: Niko Chang'ombe, nina diploma ya maendeleo ya jamii nazunguka na bahasha tangu nimalize. Naomba msianze kupigia debe mambo ya pointi za wanajeshi. Tayari ajira chache, mkileta na hilo sisi wadada tuliobaki tutakula wapi? Kwani kutokwenda jeshini ni kosa?

JIBU: Sio kosa mdogo wangu, na hoja yako ni nzito kuliko ulivyoiandika, ilishafika mpaka mahakama kuu kabisa ya Marekani. Jimbo la Massachusetts sheria yao ilikuwa kali kuliko ile ya serikali kuu, hawakuongeza pointi tano wala kumi, aliyetumikia jeshi akifaulu tu mtihani anawekwa juu ya wote ambao hawakutumikia, hata kama maksi zake ndo za mwisho. Kulikuwa na mama anaitwa Helen Feeney, mfanyakazi wa serikali ya jimbo. Mwaka 1971 alifanya mtihani wa nafasi kwenye bodi ya madaktari wa meno akapata maksi za pili kwa ukubwa. Listi ilipotoka yeye ni wa sita, juu yake wanaume watano waliopita jeshini, na kazi akapewa mmoja wao aliyekuwa na maksi chini ya za kwake. Akashtaki. Wakati ule zaidi ya asilimia 98 ya waliotumikia jeshi jimboni humo walikuwa wanaume kwaiyo kila mtu alikuwa anajua sheria ile inamfungia nani mlango. Mahakama mwaka 1979 ikasema sheria haikutungwa kwa nia ya kuwabagua wanawake, inawatofautisha waliotumikia na wasiotumikia wa jinsia zote, ibaki. Mama Feeney akashindwa.

Kisheria wameeleza vizuri, ila mimi nasimama na mama Feeney. Kipaumbele kinachofuta maksi za mtu aliyefanya vizuri kimepita mpaka. Pointi chache zinazosaidia watu wawili waliokaribiana ni jambo lingine kabisa, hapo aliyefanya vizuri sana bado anapita. Jimbo la New York wameweka pointi hizo unazitumia mara moja tu kwenye maisha yako ya kazi, ukishapata umemaliza, na hicho kingetufaa.

Na kwetu kuna jambo la ziada ambalo sioni likizungumzwa. JKT ilianza Julai 10, 1963, na ile ya mujibu wa sheria ilisimama mwaka 1994 ikarudi 2013. Maana yake watu wote waliomaliza kidato cha sita miaka hiyo kati kati hawakuitwa, sio kwamba walikataa, mlango ulikuwa umefungwa. Wengi wao leo wako kwenye thelathini na arobaini, ndo kwanza wanagombania hizi nafasi kabla ya 45. Ukisema leo mwenye cheti cha JKT apewe pointi halmashauri umewaadhibu watu kwa mwaka waliozaliwa. Hata baada ya kurudi, waliomaliza kidato cha sita kuna miaka hawakuitwa wote, kambi hazikutosha. Kwaiyo msimamo wangu, na naomba mbunge yeyote anayesoma hapa alibebe Bunge la bajeti likianza Aprili pale UTUMISHI na TAMISEMI wanapoleta makadirio yao: tusianze na pointi. Tuanze na ile 45. Kwa askari wa cheo cha chini aliyelitumikia jeshi kwa miaka, isogezwe mbele kwa kiasi fulani, apewe mkataba badala ya ajira ya pensheni kama tatizo ni zile miezi 180, na kada ziwe zile ambazo kazi yake inaendana nazo, udereva, ulinzi, ufundi, maafa, zimamoto. Hapo dada mwenye diploma ya maendeleo ya jamii hajaguswa hata kidole, nafasi yake mnashindana kwa maksi kama zamani.

SWALI: Mimi ni mama wa Mpwapwa, mwanangu yuko Marekani karibu na Seattle, alijiunga na jeshi la huko akatoka kwa heshima, sasa anaomba kazi kaunti, idara ya barabara. Anasema ana karatasi ya kutoka jeshini inaitwa DD214. Hizo pointi ni za uhakika? Na mdogo wake aliyekuwa JWTZ akimfuata huko nae atapewa?

JIBU: Shikamoo mama. Mwanao yuko jimbo la Washington, ambalo watu hulichanganya na mji mkuu wao, na jimbo hilo limeandika kwenye sheria yake kwamba kaunti na miji nayo lazima iwape nyongeza waliotumikia jeshi kwenye mitihani ya ajira. Wao wanatumia asilimia. Aliyetumikia wakati wa vita au mapigano ya silaha na halipwi pensheni ya jeshi anaongezewa asilimia 10 juu ya maksi alizofaulu. Ambae hakutumikia wakati huo, au tayari anakula pensheni ya jeshi, anaongezewa 5. Wanampa mpaka apate ajira yake ya kwanza, kwenye kupanda cheo haitumiki. Unaona mama, hata hao wameangalia nani ametoka mikono mitupu na nani ana kitu kinaingia kila mwezi.

Kwaiyo ni za uhakika pale ambapo kuna mtihani au usaili wa maksi, na yeye anatakiwa aiambatanishe hiyo DD214 siku ya kuomba, asisubiri kuulizwa, na ajaze kwenye fomu kwamba anadai kipaumbele. Kazi yenyewe sio ya uhakika, akizidiwa maksi na mwingine hata na nyongeza yake amezidiwa. Mwambie asome sifa za idara ya barabara kama zinataka leseni ya magari makubwa, hiyo leseni pointi haziwezi kuifidia.

Huyu mdogo wake hapana. Sheria zao zinahesabu utumishi kwenye majeshi ya Marekani. Miaka yake ya JWTZ ni heshima kwake na kwa taifa letu, ila kule itaingia kama uzoefu wa kazi kwenye CV basi.

SWALI: Kuna mtu amenipigia simu anasema yupo ofisi za ajira Dodoma mjini, kuna nafasi maalum za watoto wa wanajeshi na waliopita JKT zimebaki saba, nitume laki tatu ya kufungulia faili. Baba yangu alipigana vita ya Kagera. Nimetuma elfu hamsini ya kwanza. Ni kweli?

JIBU: Sio kweli, na nakuomba usitume hata mia. Hakuna nafasi za watoto wa wanajeshi kwenye ajira za halmashauri, sio saba sio moja. Kuomba kazi kupitia Ajira Portal ni bure, kufungua akaunti unatumia namba yako ya NIDA, ni bure, kuitwa usaili ni bure, unachogharamia ni nauli yako, kuthibitisha vyeti kwa wakili na bando la intaneti. Sekretarieti ya Ajira majina ya walioitwa inayatoa hadharani kwenye tovuti yake, haimpigii mtu mmoja mmoja simu kumnong'oneza.

Wameshaona kwamba familia za wanajeshi zinajisikia zimesahaulika na ndo maana wamelitumia jina la baba yako, wanajua hapo utalegea. Baba yako alipigana 1978 na 1979 watu wengine wakiwa wamelala, jina lake lisitumike na tapeli. Piga 113, ni namba ya bure ya TAKUKURU, useme kuna mtu anajiita wa ofisi ya ajira anadai hela. Alafu nenda kituo cha polisi kilicho karibu na meseji zote na ule muamala wa elfu hamsini, usifute hata moja, na yeye usimwambie umeshituka.